Nataka Boti Itakayofanya Kazi Jumatatu

Wiki mbili zilizopita niliweka video nikiskii majini kwenye kriki ya Kilifi. Kwa wale hamjawahi kuona: unavaa mbao mbili miguuni, unashika kamba, boti inakuvuta na wewe unasimama juu ya maji. Nilianguka mara nne kabla ya kusimama, na zote nne niliziweka kwa video kwa sababu nawajua, mnapenda nikiumia.

Lakini kilichowachekesha zaidi si kuanguka kwangu. Ni boti. "Ati unaskii na boti ya samaki?" "Hiyo si ndiyo ya kubeba papa?" Msee mmoja akanishauri ningoje kwanza nipate pesa, ndio niingie mchezo wa wenye pesa.

Sikujibu siku hiyo. Leo najibu, kwa sababu mimi na wenzangu wanne tunakaribia kununua boti yetu wenyewe, na tumegombana juu ya swali hilo hilo mpaka wawili wetu hawakusalimiana wiki nzima. Msimamo wangu ni huu: kwa watu kama sisi, boti bora ya kuskii Jumapili ni ile itakayofanya kazi Jumatatu. Ukinunua boti ya kuskii pekee, umenunua deni lenye rangi nzuri.

Niwape sababu ya mimi kuwa mkali hivi. Wengi mnajua niliacha kampasi mwaka wa pili. Msichojua ni kwamba mamangu hakuacha kuweka pesa. Kidogo kidogo, kila mwezi, akisema siku nikiamua kurudi nikute karo iko. Mwaka huu nilimwambia kuhusu boti na hesabu tuliyopiga. Akanyamaza siku tatu, halafu akanipa. Hakunipa kwa furaha. Alisema, "Mimi nilikuwa naweka karo. Wewe ukisema ni ya boti, basi hiyo boti ikusomeshe."

Kwa hivyo mtu akiniambia boti fulani "inakaa poa kwa kamera," mimi nasikia sauti ya mama.

Tulikuwa na boti mbili mezani. Ya kwanza ni ile mnayoiona kwenye video za Marekani. Boti ya kuskii hasa, ya aina ambayo kampuni kama MasterCraft na Nautique zimejenga jina kwayo. Sitaidharau, kwa sababu imeundwa kwa akili. Mashine iko katikati, ndani ya boti. Tumbo lake ni bapa karibu na nyuma, kwa hivyo mawimbi inayoyaacha ni madogo na laini. Kamba inafungwa kwenye mlingoti mfupi katikati ya boti, si nyuma, ndio mtu akivuta kwenda kando boti isiyumbe. Wanaoshindana kupita maboya sita kwa ubao mmoja wanaihitaji. Wanaume wakubwa kwenye mashindano hayo hufika kilomita 58 kwa saa, na kwa spidi hiyo wimbi la nusu futi linaweza kukutupa.

Mwenzetu mmoja aliipenda mpaka akaifanya picha ya simu yake. Na bei, kwa vile ilikuwa mtumba, haikuwa mbali sana na ile nyingine. Hapo ndipo mtego ulipo.

Hebu tuiweke Kilifi sasa. Propela ya boti hiyo iko chini ya tumbo, kwenye chuma kisichoinuka. Bahari yetu inapanda na kushuka. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Pahali ulipopita asubuhi bila wasiwasi, saa nane mchana kuna mchanga na matumbawe. Gonga mara moja tu, propela na chuma chake vimepinda, na hiyo boti inakaa nchi kavu ikingoja spea kutoka ng'ambo.

Pili, tumbo bapa ni tamu kwenye maji yaliyolala. Ukitoka nje ya mlango wa kriki wakati wa kusi, kila wimbi linakupiga kiunoni kama mtu anakudai. Tatu, nyingi za boti hizo zilijengwa kwa ajili ya maziwa ya maji baridi, na mara nyingi mashine ni V8 ya lita 5.7 inayopozwa kwa maji inayovuta kutoka nje. Ukiipa maji ya chumvi bila kuiosha kila siku, chumvi inaila kutoka ndani, na wewe huoni mpaka iwe too late, kama wazazi wetu wanavyosema kuhusu meno. Na petroli? V8 haijui kama wewe ni hastla.

Nilimpeleka mjomba aiangalie. Yeye amekuwa nahodha tangu kabla sijazaliwa. Akaizunguka mara mbili, akaipapasa, akasema, "Ni nzuri, mwanangu. Lakini boti si gauni la harusi, uvae siku moja halafu ufungie kabatini."

Ya pili ndiyo mliyoicheka. Si ile ile ya mjomba, lakini ni ndugu yake. Boti ya faiba, futi 18, iko wazi, na mashine ya hospawa 90 imening'inia nyuma. Tumbo lake lina umbo la V, lakini si V kali. Hii ni muhimu kuelewa: V kali inakata mawimbi vizuri lakini inaacha mtaro mkubwa nyuma, na bapa inaacha maji laini lakini inakuvunja mgongo baharini. V ya wastani haishindi yoyote kati ya hizo mbili kwa kazi yake, ila inafanya zote mbili. Hiyo ndiyo maana ya boti ya kazi nyingi. Si kwamba inashinda zote kwa kila kitu. Ni kwamba hakuna siku inakwambia "leo siwezi."

Mashine ikiwa nyuma, ukifika maji machache unaiinua. Ukirudi jioni unaifungulia maji baridi kwa mpira, chumvi inatoka. Vipande vya zinki vinavyoliwa na chumvi badala ya mashine unavibadilisha vikiisha. Na mashine ikikataa, ufuo mzima una mafundi, kwa sababu Yamaha ndizo wavuvi wengi wanazotumia na spea zake zinajulikana. Hilo kwangu linashinda muziki wa spika nne na viti vya ngozi.

Halafu Jumatatu inaanza kazi. Inapeleka watu kuvua, inavusha wageni, inabeba wanaotaka kwenda kuona machweo. Jumamosi inavuta watoto kwenye tyubu. Jumapili asubuhi, kabla upepo haujaamka, inavuta sisi. Mchezo wetu unalipiwa na siku sita zingine.

Sasa nikubali upande wa pili, ndio msiseme nauza boti. Boti ya namna hii inaacha mawimbi makubwa zaidi nyuma. Ukishakuwa mkali na unataka kukata kwa ubao mmoja kushoto kulia, utasikia. Kamba ikifungwa nyuma, mzito akivuta kando boti inaenda naye kidogo na nahodha lazima arekebishe usukani. Kwa mashindano, haifai. Lakini niulize wewe: kati yetu watano, anayeshindana ni nani? Mimi nilisimama kwa mara ya tano! Tunanunua boti ya mtu ambaye bado hatujawa, na pengine hatutakuwa.

Jambo lingine, na hapa nawasemesha watu wa Nairobi: usiulize tu boti ina hospawa ngapi, uliza inakimbia wapi. Nikiwa kampasi tulienda Naivasha, tukakodi boti yenye mashine ya hospawa 60. Tulikuwa sita ndani. Mwenye boti akaapa inavuta mtu yeyote. Nikaingia majini, kamba ikakaza, boti ikanguruma, na mimi nikaburutwa nikinywa ziwa. Mara tatu. Wasee wakasema mimi ni mzito. Kumbe ni hesabu.

Mashine inahitaji hewa, na ukipanda juu hewa inapungua. Kanuni ambayo watu wa mashine hutumia ni kwamba mashine ya kawaida hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Naivasha iko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari. Hiyo ni kama asilimia 18 imeenda kabla hata hujawasha. Ile 60 ilikuwa imebaki kama 49, na watu sita ndani. Hata Kisumu, kwenye mita 1,130 na kitu, unapoteza karibu asilimia 11. Tatizo haliko ukishasimama. Kumvuta mtu aliyesimama ni rahisi. Tatizo ni zile sekunde chache za kumtoa mtu chini ya maji. Hapo ndipo nguvu inahitajika.

Dawa mojawapo ni propela. Propela ina namba ya inchi inayoonyesha ingesonga mbele kiasi gani kwa mzunguko mmoja, kama skrubu kwenye ubao. Ukishusha namba hiyo kwa inchi moja, mashine hupata mizunguko kama 150 hadi 200 zaidi kwa dakika. Ni kama gia ndogo ya baiskeli kwenye mlima: unapoteza spidi ya mwisho kidogo, lakini unaondoka. Kwa boti ya kuvuta watu, hiyo ni biashara nzuri. Na propela ni rahisi kubadilisha kuliko mashine.

Kwa hivyo sheria yetu ya kununua ni moja: usilipe kabla hamjaijaribu na watu, mafuta na mizigo mtakayobeba kweli, na mzito wenu akiwa ndani ya maji. Ikimtoa yeye, imetutoa wote. Na kabla ya shilingi kutoka, makaratasi. Boti ndogo zinasajiliwa na kukaguliwa na KMA, mamlaka inayosimamia usafiri wa majini. Muuzaji akianza kusema "hayo tutapanga baadaye," wewe nenda nyumbani.

Sasa skii zenyewe. Huku ndiko watu wanatupa pesa kwa ujinga, na mimi nilikuwa karibu kuwa mmoja wao. Nilitaka ubao mmoja mwembamba, ule wa kukata maji na kurusha ukuta wa maji nyuma, kwa sababu ndio unaopendeza kwa kamera. Ubao huo ni wa mtu mmoja: urefu wake unachaguliwa kwa uzito wako na spidi yako. Wengine wanne wangekaa kwenye boti wakinishikia simu.

Kwa kundi, nunua pea ya mchanganyiko. Ni skii mbili pana, na moja kati yazo ina mkanda wa ziada nyuma ya kiatu. Mwanzoni unatumia zote mbili. Siku ukizoea, unaiachilia moja ikiwa unaendelea, unaingiza mguu wa nyuma kwenye ule mkanda, na tayari uko kwenye ubao mmoja bila kununua kitu kingine. Kwa watu wazima wa kimo na uzito tofauti, inchi 67, yaani kama sentimita 170, ndio urefu unaofaa wengi. Hakikisha viatu vyake vya mpira vinarekebishwa, maana kati yetu kuna wa saizi 5 na wa saizi 11. Na iwe pana mbele: upana unakuinua mapema, kwa spidi ndogo, na mashine haihangaiki. Mtu mzima anayejifunza anaenda vizuri kwa kama kilomita 30 hadi 40 kwa saa. Mtoto, chini ya hapo. Kamba ya kawaida ni mita 23 hivi.

Na mkidhani huu ni mchezo ulioshuka kutoka kwa matajiri, sikilizeni. Aliyeuanzisha alikuwa kijana wa miaka 18 huko Minnesota, Marekani, jina lake Ralph Samuelson. Mwaka wa 1922, kwenye Ziwa Pepin, kakake Ben akimvuta kwa boti, alijaribu kwanza mbao za pipa. Zikamzamisha. Akajaribu skii za theluji. Wapi. Mwishowe akanunua mbao mbili za msonobari za futi 8, akachemsha ncha zake kwenye sufuria ya shaba ya mamake ndio zipinde juu, akapigilia mikanda ya ngozi. Tarehe 2 Julai akasimama, siku moja kabla ya kutimiza miaka 19. Huo mchezo ulizaliwa kwa mbao na sufuria ya mama. Sisi ndio tumekuja kuambiwa ni wa watu wenye villa.

Mimi nimezaliwa huku. Nimeona vijana wanaoendesha boti za wageni kila siku, wanaojua kriki kuliko mtu yeyote, wanaovuta watu wakiskii kutoka asubuhi. Uliza wangapi kati yao wamewahi kushika ile kamba. Wachache mno. Si kwamba wanaogopa maji. Ni kwamba hakuna aliyewahi kuwaambia, "Sasa ni zamu yako." Boti yetu itaendeshwa na vijana kama hao, na itakuwa na zamu.

Kuna jambo moja ambalo sitapunguza bei juu yake, na nililijua kwa njia mbaya. Mwaka jana nilivutwa na boti iliyokuwa na nahodha peke yake. Nikaanguka. Yeye alikuwa anaangalia mbele, kama inavyotakiwa. Boti ikaenda. Ilienda mbali mpaka nikasikia mlio wake ukiwa mdogo, na nyuma yangu nikasikia mlio mwingine unakuja. Boti nyingine. Kichwa changu majini ni kama nazi. Nilichomoa ubao mmoja nikauinua juu kadiri mkono ulivyofika, nikaupunga. Waliona ubao. Hawakuniona mimi.

Tangu siku hiyo, boti ya kuskii kwangu ni ya watu watatu: anayeskii, nahodha, na mtazamaji ambaye kazi yake ni kuangalia nyuma tu. Si kushika simu. Kuangalia. Dole gumba juu, ongeza spidi; chini, punguza; mkono shingoni, zima mashine; ukianguka, inua mkono tujue uko sawa. Kwa hivyo boti iwe na kiti cha mtazamaji na ngazi ya kupandia. Kamba isifungwe kwenye mashine. Ifungwe kwenye pete mbili za nyuma kwa kamba ya umbo la V, au kwenye mlingoti uliokazwa vizuri. Ukimfuata aliyeanguka, mfikie upande wa usukani ambapo unamwona, na uzime mashine kabla hajagusa boti. Kuweka gia huru haitoshi. Zima. Propela ya nyuma iko wazi, na hilo ndilo baya kubwa la boti yetu ninayoisifu. Kila mtu jaketi, hata bingwa wa kuogelea. Na usiskii pahali watu wanaogelea au wanaangalia matumbawe.

Ukiniuliza kwa nini nalia na viti na pete kuliko rangi, ni kwa sababu video ya kuanguka inachekesha pale tu mwenye kuanguka ametoka majini.

Mwenzetu wa ile picha ya simu bado hajafurahi. Aliniambia, "Wewe unataka matatu ya baharini." Nikamwambia ndio, na matatu inalipa. Akacheka kidogo, jambo ambalo hakuwa amefanya tangu tugombane. Kura ilikuwa nne kwa moja, lakini sikutaka kura. Nilitaka akubali, kwa sababu pesa yake nayo ina mamake nyuma yake.

Jumamosi hii asubuhi tunaijaribu boti ya futi 18, maji yakiwa yamejaa na upepo bado umelala. Mzito wetu ameshajulikana, na amekasirika. Ikimtoa, tunakaa chini na muuzaji na makaratasi yake. Isipomtoa, tunaendelea kutafuta, na karo ya mama inabaki karo.

Mama amesema atakuja. Hajui kuogelea, atavaa jaketi tangu ufuoni. Nimempa kiti cha mtazamaji. Akauliza kazi yake ni nini, nikamwambia ni kuniangalia mimi tu, asiondoe macho. Akasema hiyo kazi amekuwa nayo kwa miaka 22, na hakuna aliyemlipa.